STAA, HIYO NDINGA UNAIENDESHA AU UNAPIGA NAYO PICHA TU?

Wadau, kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, ndinga yake inatrendi kinoma. Altezza ya kitambo imefumuliwa na kusukwa upya: imeshushwa mpaka inakaribia kubusu lami, rimu za kutisha, siti za mashindano, usukani mdogo mwekundu. Komenti zote ni moto, moto, moto.

Ila kwenye kile kivideo alichorusha akikatiza Msimbazi, wengi waliangalia rimu. Mikono je? Imenyooka kama anasukuma mkokoteni. Kila akikata kona, mgongo unaachana na siti, anainama mbele kuufuata usukani. Dereva wa hivyo hajakaa kwenye gari, amening'inia.

Ishu iko hivi. Siti ya kiwandani ikitoka ikaingia ya mashindano, dereva anashuka chini na kurudi nyuma. Usukani unabaki palepale Toyota walipouweka kwa ajili ya siti ya zamani, kwa hiyo sasa uko juu na uko mbali. Ukibadili ukaweka mdogo, unaweza kuziba mshale wa spidi, na siku pawa stelingi ikizingua utatoka jasho, maana usukani mdogo unadai nguvu zaidi kuugeuza kuliko mpana. Halafu ule wa kiwandani ulikuwa na eabegi katikati. Ukitolewa, eabegi nayo imeenda.

Hii michezo haikuanzia Gerezani. Vijana wa California walikuwa wanafumua Ford za 1932 na kuzishusha miaka mingi kabla Altezza haijatoka kiwandani, na gari za namna hiyo ndizo zinaitwa hot rod. Wanaozijenga kwa akili wanaanza na siti. Mwenye gari anakaa, anakanyaga pedali zote, halafu usukani unashikizwa kwa muda mpaka mikono yake iridhike. Ndipo unafungwa moja kwa moja. Huku kwetu siti, rangi na muziki vinamalizika, halafu ndiyo mtu anakumbuka kwamba kuna kugeuza kona.

Kipimo chenyewe ni bure. Bandika mgongo kwenye siti, nyoosha mkono. Kifundo cha mkono kikae juu ya usukani bila bega kunyanyuka. Ukishika kawaida, viwiko viwe vimekunjwa kidogo. Kama eabegi bado ipo, kifua kiwe angalau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani. Kanyaga breki mpaka mwisho: goti lisigonge chochote, mguu usinyooke kabisa.

Imegoma? Gari nyingi za Kijapani zina kishikio chini ya usukani cha kuupandisha na kuushusha. Anza hapo. Kisha sogeza reli za siti. Kisha tafuta kile kipande cha kati kinachouleta usukani karibu, kinachoendana na gari yako. Kukata shafti ya stelingi iwe ya mwisho kabisa, tena kwa fundi anayejua anachofanya.

Maana shafti siyo bomba tu. Ya kiwandani imetengenezwa ijikunje gari ikigonga mbele. Marekani waliliweka hilo kisheria kwa magari madogo kuanzia 1968, kwa sababu shafti za zamani zilikuwa zinamfuata dereva kifuani kama mkuki. Ukichomelea bomba gumu ili usukani ukufikie, umejirudishia mkuki. Na viungio vyake vikikaa kwenye pembe kali sana, usukani unakwama halafu unachomoka ghafla.

Hapa mafundi wanasingiziwa sana. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anataka ndinga "iwe kama hii", anaondoka, anarudi siku ya kuchukua. Fundi ampime mikono nani?

Najua povu linakuja: "Gari yake, hela yake." Sawa, lakini barabara siyo yake. Msimbazi kuna guta linatoka uchochoroni bila honi, bodaboda inapita kulia na kushoto, mama ana beseni kichwani anavuka. Hapo unahitaji kuzungusha usukani fasta, na mikono iliyonyooka haina pa kuongezea. Anayelipia ni yule mama, na hakuipigia kura ile rangi nyekundu.

Na staa ana wafuasi. Kesho dogo wa Ilala mwenye IST ya mkopo ataiga ule ule muonekano kwa bajeti nusu, na penye nusu bajeti ndipo bomba linapochomelewa.

Ndinga kali ni ile ambayo mwenyewe anatoka nayo Kariakoo mpaka Bagamoyo na kushuka bila kushika mabega. Staa, hela ya rimu ilikuwepo. Rudi gereji, kaa kwenye siti, upimwe.

Wadau, muonekano kwanza au mkao kwanza? Shusheni komenti.