Kamanda wa kweli hujiamrisha mwenyewe kwanza

Fungua TikTok sasa hivi, pitisha video tano au sita. Naweka dau utakutana na Kapteni Ibrahim Traoré wa Burkina Faso, bereti kichwani, muziki mzito nyuma yake na maandishi makubwa ya kumsifu. Nyingine hata si video halali, zimetengenezwa kwa akili unde. Lakini shuka kwenye maoni uone Wakenya walivyojaa pale. Wa Kayole, wa Kisauni, wa Kondele, wote wimbo mmoja: tungepata mwanajeshi kama huyu hapa kwetu, mambo yangenyooka.

Naelewa hiyo njaa inatoka wapi. Wewe na mimi tumekua tukisikia jopokazi likiundwa kuchunguza ripoti ya jopokazi lingine. Unaambiwa usubiri kazi, usubiri mkopo wa masomo, usubiri serikali ilitazame hilo suala. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yetu yameumia kiasi kwamba mtu yeyote anayeamka asubuhi na kusema "leo ni hivi", kisha ikawa hivyo, tunamwona malaika.

Lakini hebu tulia kidogo nikuulize. Kamanda anayejua kuamua unamjuaje? Kwa sauti? Kwa miwani myeusi? Kwa vile watu wanatetemeka akipita?

Mimi si mtaalamu wa jeshi. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, na ninachojua nimekisoma mwenyewe usiku, bando ikiruhusu. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma habari za makamanda, wa hapa na wa kwingine, ndivyo ninavyozidi kuamini kipimo kimoja tu. Usiangalie uamuzi wake umewagharimu nini watu wengine. Angalia umemgharimu nini yeye.

Wahenga walishamaliza hii kesi: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kumwamrisha mwenzako ateseke ni rahisi mno. Hata kiranja wa darasa la sita anaweza.

Tuanzie nyumbani. Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa vyeo vya chini wa jeshi la wanahewa waliteka kituo cha redio cha Voice of Kenya na kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Ulize wazazi au babu yako, watakuambia walikuwa wapi. Asubuhi ile hakuna aliyejua nani yuko upande gani. Kwa afisa mkubwa, njia salama ilikuwa kungoja, aone upepo unaelekea wapi, kisha atoke kumpongeza mshindi. Meja Jenerali Mahamoud Mohamed, wakati huo naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, hakungoja. Aliongoza kikosi kidogo kikaikomboa redio siku iyo hiyo. Angeshindwa, hakuna ambaye angemwokoa.

Siku zilizofuata hazikuwa za kujivunia. Raia waliporwa na kudhulumiwa na watu waliovaa sare, na wanahewa wengi waliteswa vizuizini. Sikupi hadithi ya malaika. Nakuonyesha tu tofauti kati ya afisa anayetuma vijana mbele na afisa anayetangulia.

Sasa twende Kigali, mwaka wa 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza. Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi cha kulinda amani kilichoongozwa na Roméo Dallaire kutoka Canada. Naibu wake alikuwa Mghana, Henry Anyidoho. Wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliuawa tarehe 7 Aprili, Ubelgiji ikawaondoa wengine wote, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha kwamba kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Yaani dunia nzima ilikuwa inafunga virago.

Anyidoho alimwambia mkubwa wake kwamba Waghana watabaki. Alisema hivyo kabla ya kupata kibali cha serikali yake kule Accra. Hebu fikiria uzito wake. Huyu ni mtu aliyefunzwa maisha yake yote kufuata amri, na siku hiyo anaweka kazi yake, na roho yake na za vijana wake, kwenye neno moja. Walibaki watu mia nne na ushei, wengi wao Waghana. Hawakuweza kusimamisha mauaji, lakini maelfu ya watu waliokimbilia Uwanja wa Amahoro na kwingineko walipona kwa sababu kulikuwa na mtu mlangoni.

Dallaire naye alikuwa ameonya New York kwa ujumbe wa tarehe 11 Januari kuhusu silaha zilizofichwa, akataka kuzivamia, akakatazwa. Angeweza kukaa miaka yote akisema "mimi nilituma barua". Badala yake aliandika kitabu akijihesabu yeye pia miongoni mwa walioshindwa, na akasimulia hadharani jinsi akili yake ilivyoathirika baada ya vita. Jenerali akisema mbele ya watu kwamba anaumwa akili, hilo nalo ni amri. Amejiamrisha asijifiche.

Hebu turudi Kenya, kwa jambo ambalo halina risasi hata moja. Jenerali Daudi Tonje aliongoza majeshi yetu kuanzia 1996 hadi 2000. Kabla yake Jenerali Mahamoud, yule wa 1982, alikuwa amekikalia kiti hicho miaka 10. Tonje akaleta kanuni ambazo hadi leo wanajeshi wanaziita kwa jina lake: muda maalum wa kuhudumu, umri wa kustaafu, na zamu ya vyeo. Mkuu wa majeshi miaka minne, basi.

Ilipofika 2000, Tonje mwenyewe akaondoka. Hakusema nchi bado inamhitaji, wala hakuomba aongezewe kidogo amalizie miradi. Mkuki alioutengeneza ulimchoma yeye pia na akaukubali. Katika nchi ambayo hata mwenyekiti wa chama cha kuweka akiba anang'ang'ania kiti, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna Jenerali Francis Ogolla, ambaye wengi wetu tunamkumbuka vizuri. Alifariki tarehe 18 Aprili 2024 helikopta ilipoanguka Elgeyo Marakwet, yeye pamoja na wanajeshi wengine 9. Ungedhani mkuu wa majeshi atazikwa baada ya wiki tatu za kamati, bajeti, mahema na siasa. Lakini alikuwa ameacha maagizo: azikwe ndani ya saa 72, tena bila jeneza. Jumapili ya tarehe 21 alikuwa tayari amelazwa kwao Siaya.

Wewe unajua matanga ya Kenya. Unajua familia zinazobaki na madeni kwa sababu ya jeneza lenye vioo. Hapa palikuwa na mtu ambaye angeweza kupata mazishi ya kifahari kuliko yote, akachagua unyenyekevu, na akauchagua mapema, akiwa hai na mwenye nguvu. Nadhani hiyo ndiyo siri yenyewe. Uamuzi wa haraka tunaoushangaa siku ya tukio huwa umefanywa zamani, kimyakimya, katika tabia za kila siku. Anayesubiri moto uwake ndipo ajue yeye ni mtu wa aina gani, amechelewa.

Na tabia ikikosekana, unapata Westgate. Tarehe 21 Septemba 2013, kikosi maalum cha polisi cha Recce kilikuwa ndani, kisha jeshi likaingia, na kukosekana amri moja kukafanya wenzetu wapigane risasi wao kwa wao. Afisa wa polisi aliuawa kwa risasi za upande wetu. Kizaazaa hicho kilichukua siku nne na watu 67 wakafa. Kamera zikanasa wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Mwanzoni tuliambiwa ni maji ya kunywa tu. Baadaye jeshi lenyewe likatangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa uporaji.

Nidhamu ya mfuko na nidhamu ya amri ni mtu na ndugu yake. Januari 2019, magaidi waliposhambulia DusitD2, amri ilikuwa moja na operesheni ikamalizika chini ya saa 20. Tulipoteza watu 21, na ni uchungu, lakini zaidi ya 700 walitolewa wakiwa hai. Tofauti ya siku hizo mbili haikuwa bunduki.

Sasa mrudishe Traoré umpime kwa kipimo hiki hiki. Alitwaa madaraka Septemba 2022 akiwa na miaka 34. Utawala wa mpito ulitakiwa kuisha Julai 2024. Mei ya mwaka huo ukaongezwa miaka mitano. Wakosoaji wake, wakiwemo wanahabari na waendesha mashtaka, wameandikishwa jeshini kwa lazima. Penda msimamo wake kuhusu Ufaransa na migodi ukitaka, ni haki yako, na mengine hata mimi nayapenda. Lakini nioneshe uamuzi mmoja uliomfunga yeye mikono. Tonje alikuwa na miaka minne, akaondoka. Huyu alikuwa na tarehe, akaisogeza.

Utaniambia Burkina Faso ina vita, magaidi wameshika sehemu kubwa ya nchi, uchaguzi utafanyikaje? Hoja nzuri. Ila kila mtawala aliyewahi kukataa kutoka alikuwa na sababu nzuri. Ndiyo maana tabia ni muhimu kuliko sababu.

Na kwa nini nakusumbua na haya yote? Kwa sababu tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji walipoingia Bunge, jeshi liliitwa kusaidia polisi. Wengine wetu tulikuwa barabarani. Malori ya KDF yalipopita baadaye, kuna waliowashangilia, eti hawa ndio wetu. Mimi niliangalia zile video nikajiuliza: ndani ya lile lori, kijana mwenye bunduki amezoeshwa na nani? Katiba, kifungu cha 241, inasema jeshi haliwezi kutumwa kutuliza ghasia nchini bila idhini ya Bunge la Kitaifa. Ni kinga nzuri. Lakini saa ile moshi umetanda na mawe yanaruka, kifungu hakisimami mbele ya lori. Anayesimama ni kamanda. Kama kwa miaka 20 amezoea kumezea uongo mdogo, kuchukua kitu kidogo kwenye uandikishaji, kumlaumu aliye chini yake, siku hiyo hataota tabia mpya. Na atakayelipa ni wewe uliyetoka nyumbani na chupa ya maji na bendera.

2027 inakuja. Watakuja watu wa kupiga meza, wengine na kofia za kijeshi, wengine na suti, wote wakisema wao ni watu wa maamuzi magumu. Usiwaulize watafunga nani wala watafukuza nani, majibu yao yatakuwa matamu sana. Waulize: ni lini mara ya mwisho uliamua jambo likakuumiza wewe, na hukurudi nyuma? Kisha nyamaza, usimsaidie, mwache ajibu.