Dawa ya Nguvu ya Kichina si ya Kila Mtu

Siku hizi katika miji yetu zinauzwa dawa za Kichina za kuongeza nguvu: vichupa vya jinsengi, vidonge, na mizizi ya kuchemsha. Wanaozikimbilia ni wale wanaojisikia dhaifu. Sisi tunaona kwamba mara nyingi hao hao ndio wanaopaswa kutahadhari kuliko wengine.

Hatuna nia ya kuzidharau dawa hizo. Uganga wa Kichina una zaidi ya miaka 2,000, na waganga wake wenyewe hawampi kila mtu dawa ya nguvu. Mwenye homa au mafua huambiwa asubiri kwanza. Kumpa wakati huo, wanasema, ni kufunga mlango na mwizi yumo ndani.

Basi, ni akina nani wajihadhari?

Kwanza, mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Dawa nyingi za Kichina zina gancao, mzizi mtamu wa jamii ya urukususu. Ukitumiwa kwa muda mrefu, huzuia chumvi na maji mwilini, hupunguza madini ya potasiamu na kupandisha shinikizo.

Pili, anayemeza warfarini ili damu isigande. Danggui, mzizi wanaopewa wanawake kwa ajili ya damu, waweza kumfanya avuje damu kupita kiasi. Jinsengi nayo yaweza kupunguza nguvu ya warfarini.

Tatu, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, kwa kuwa jinsengi yaweza kushusha sukari zaidi ya inavyotakiwa.

Nne, mama mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wadogo.

Tano, mwenye ugonjwa wa ini. Heshouwu, inayosifiwa kwamba hurudisha weusi wa nywele, imewadhuru ini watu katika nchi kadhaa.

Wako wanaosema, "Ni mizizi tu, haina madhara." Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wapatao 100 waliharibikiwa figo baada ya kumeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umebadilishwa kwa mwingine wenye sumu. Hata mizizi ina sumu yake.

Kwa maoni yetu, hatari kubwa kuliko zote ni kumficha daktari. Mgonjwa huona haya, au huogopa kugombezwa, naye daktari humwandikia dawa bila kujua. Akina baba na akina mama, mkienda hospitali chukueni na hicho kichupa mkakiweke mezani. Anayengojea upasuaji aseme mapema. Na asiwepo wa kuacha vidonge vyake vya hospitali kwa sababu amepata dawa ya nguvu.

Tuwaulize pia wazazi wetu wazee nyumbani wanatumia nini. Tuwaulize kwa upole, nao watatuambia.