Kukesha si sifa, wasee

Kuna huu msemo umejaa mtandaoni: utalala ukifa. Msee akipost picha saa tisa usiku bado anapiga kazi, sisi tunamjazia makopa eti huyo ni hasla wa ukweli. Mimi nakataa. Kukesha si sifa, na anayelipa ni ubongo.

Sikiza. Ndani ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya mchele, inaitwa pineali. Giza likiingia, inatoa homoni ya melatonini, ndiyo inaambia mwili kwamba ni usiku. Mwanga ukipiga macho, inanyamaza. Mwaka wa 2015 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 12: usiku mwingine wanasoma kitabu cha karatasi, usiku mwingine wanasoma kwa kioo chenye mwanga. Kioo kilishusha melatonini kwa zaidi ya nusu. Sasa fikiria simu yako pale chini ya blanketi.

Na kusahau kunaingia wapi? Ukilala ndio ubongo unapanga na kuhifadhi ulichosoma mchana. Uingereza walifuata watu karibu 8,000 kwa miaka 25, matokeo yakatoka 2021. Wale waliozoea kulala saa sita au chini kuanzia miaka 50 hadi 70, hatari yao ya kupata dimensia ilizidi kwa asilimia 30. Hiyo haithibitishi kwamba ni usingizi pekee ulioleta ugonjwa. Lakini kamari ya akili yangu mimi sichezi.

Usikimbilie vidonge pia. Vya melatonini vinaweza kusaidia mtu kushikwa na usingizi, lakini hakuna ushahidi kwamba vinazuia dimensia. Hii homoni hupungua tukizeeka. Sisi bado tunayo, tena bure, na tunaizima wenyewe.

Najua wengine hamna chaguo. Soja wa geti, nesi wa zamu, yule anaandikia wateja wa Marekani kwa sababu mchana wao ni usiku wetu. Kodi ya nyumba lazima ilipwe, siwezi kuwahubiria. Mkifika keja asubuhi, fungeni pazia nzito mlale gizani.

Lakini wewe unaskroli hadi saa nane, kwani unalipwa na nani? Zima hiyo simu, buda. Hata hii post yangu utaipata asubuhi.