Kuuliza Hakuui

Wapo wanaoandika kwamba kumtajia mwanafunzi habari za kujiua ni kumfundisha, hivyo shule za Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zihimize sala na nidhamu, basi.

Hoja ya kwanza ndiyo mbovu kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 11,000 katika nchi 10 za Ulaya. Miongoni mwa waliofunzwa darasani kuhusu afya ya akili na kusaidiana, majaribio ya kujiua yalikuwa takribani nusu ya yale ya wenzao wasiofunzwa. Nani basi aliyefundishwa kufa?

Na hilo la sala: eti anayewaza kujiua ana upungufu wa imani! Tazameni hali halisi. Kongo ilifuta ada za shule za msingi za serikali mwaka 2019. Sekondari wazazi bado wanalipa. Msichana anayetolewa darasani mbele ya wenzake kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule, kisha jioni anakwenda kuosha mawe ya kobalti, hana upungufu wa sala. Ana aibu, uchovu na upweke, na fimbo inamwongezea.

Mwalimu akimwona mwanafunzi amejitenga, anagawa daftari zake, anaagaaga ovyo, amwite kando. Amuulize waziwazi kama anawaza kujiua, asimwache peke yake, amfikishe kwa mzazi na muuguzi. Nyumbani, dawa na sumu zifungiwe leo.