Kahawa Mbichi Haina Subira

Watu wa Masafu, Busia na Tororo hawana haja ya kufundishwa na mgeni maana ya kuchachua. Mama atengenezaye ajono kwa wimbi anajua kimea kilichoota sawasawa, anajua siku za kungojea, na anaijua harufu inayotangaza kwamba chungu kimeharibika. Elimu hiyo ya nyumbani sasa inahitajika katika mashamba ya kahawa, na sisi tuliovaa sare tunahusika nayo kuliko tunavyodhani.

Tunda la kahawa lililoiva lina ute mtamu unaozunguka punje. Mara tu linapochumwa, hamira na bakteria huanza kuila sukari iliyomo. Vijidudu hivyo vikiongozwa vyema, kinywaji hupata ladha na harufu ya matunda. Vikiachwa bila mwangalizi, huleta uchungu wa siki na uvundo. Baadhi ya wakulima duniani sasa huyafungia matunda katika mapipa yasiyopitisha hewa, yenye tundu la kutolea gesi tu, kisha huyaanika polepole juu ya vitanda. Mwaka 2015, mjini Seattle, Saša Šestić wa Australia alishinda mashindano ya dunia ya watayarishaji wa kahawa kwa kutumia kahawa iliyochachuliwa kwa njia ya namna hiyo.

Robusta ni mti wa asili wa Uganda. Hata hivyo, sehemu kubwa ya robusta yetu huanikwa na maganda yake na kuuzwa kama kiboko, bila kujali ladha. Kahawa inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 mbele ya waonjaji huhesabiwa kuwa bora, na mwenye nayo anaweza kudai bei nzuri zaidi. Familia yenye ekari moja au mbili haiwezi kushindana kwa wingi. Inaweza kushindana kwa ubora.

Lakini majaribio si bahati nasibu. Mkulima mwenye busara hutenga sehemu ndogo ya mavuno, huandika saa na joto, huonja, kisha hulinganisha. Wala asidanganyike: hakuna pipa litakaloponya tunda lililochumwa bichi, na kahawa iliyoanikwa juu ya udongo hubeba ladha ya udongo. Kazi hii yataka nidhamu ile ile ya lindo, na kwa hiyo yamfaa sana askari anayejiandaa kustaafu na kurudi katika shamba la wazee wake.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Baada ya baridi kali kuiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda mno duniani. Katika miaka ya 1976 na 1977 kahawa ya Uganda ilivushwa kwa magendo hadi Chepkube, upande wa Kenya. Tangu zamani hizo, gunia la kahawa karibu na mpaka hutazamwa kwa shaka. Shaka hiyo ina sababu zake, na ukaguzi ni wajibu wetu.

Hata hivyo, askari na afahamu kwamba matunda mabichi yaliyorundikwa ndani ya gunia, juani, hayangojei amri. Yanapata joto na kuchachuka ovyo. Gari likizuiwa tangu asubuhi hadi jioni bila sababu, kazi ya mwaka mzima inaweza kupotea hapo hapo kizuizini, wala hakuna atakayelipa fidia. Na yule anayechelewesha gari kwa makusudi, akitafuta chai kwa kahawa ya mwenzake, si mlinzi wa mpaka. Ni mwizi aliyepewa sare.

Hatusemi mzigo upite bila kukaguliwa. Tunasema kahawa mbichi ikaguliwe kwanza, ikaguliwe upesi, na asiye na hatia aruhusiwe kwenda zake. Tunasema pia kwamba doria za usiku wakati wa mavuno ziyafikie mashamba, kwani mwizi huchuma mabichi na yaliyoiva pamoja, na mkulima anayeogopa wizi hulazimika kufanya vivyo hivyo.

Mkulima wa Masafu na atunze pipa lake. Sisi tumtunzie njia.