Nauli ya Msichana wa Naitiri na Kifungo cha Miaka 30

Kila shule zinapofungwa, simu hupigwa kutoka huku Pwani kwenda magharibi: "Nitafutie msichana wa kazi, awe na adabu, asiwe mjuaji wa mji." Anayepigiwa ni jamaa, jirani wa zamani au dalali wa kijijini. Nauli hutumwa kwa M-Pesa, na siku ya pili msichana anashuka basi Mwembe Tayari na begi lake dogo. Wapo wanaotoka Naitiri, upande wa Tongaren katika Kaunti ya Bungoma, nchi ya mahindi inayopakana na Trans Nzoia. Huko mavuno yakienda vibaya, karo haipatikani, na binti ndiye wa kwanza kutolewa darasani.

Sisi tumezoea kuliita jambo hili msaada. "Nimemtoa kwenye shida," tunasema. Lakini tangu mwaka 2010 Kenya ina Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu, na sheria hiyo haiulizi kwanza kama ulikuwa na moyo mzuri. Anayetiwa hatiani chini ya kifungu cha 3 hukabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Akirudia, ni kifungo cha maisha. Kwa hiyo ni vyema tufahamu kesi kama hizi huthibitishwa vipi, na mtu hujitetea vipi.

Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha mambo matatu. La kwanza ni kitendo: kumsajili mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. La pili ni njia iliyotumika: vitisho, nguvu, utekaji, ulaghai, udanganyifu, kutumia vibaya mamlaka au udhaifu wa mtu, au kulipa pesa ili ridhaa ipatikane. La tatu ni lengo, yaani unyonyaji. Katika maana ya unyonyaji, sheria imetaja utumwa, kazi ya kulazimishwa, unyonyaji wa kingono, ndoa ya kulazimishwa, ndoa ya mtoto, na pia ajira ya watoto.

Jambo la kwanza halina ubishi mkubwa. Risiti ya M-Pesa ipo, tikiti ya basi ipo, na majirani wamemuona. Vita vya wakili huwa kwenye la pili na la tatu. Je, msichana alidanganywa? Aliahidiwa nini, na alipata nini? Alikuwa na simu yake? Angeweza kuondoka siku anayotaka? Mshahara ulilipwa, na kuna ushahidi gani?

Hapo ndipo tunapojikaanga kwa mafuta yetu wenyewe. Mtu akikamatwa, maneno ya kwanza mdomoni huwa, "Alikubali mwenyewe." Sheria inasema ridhaa ya mwathiriwa haina uzito iwapo mojawapo ya njia zile ilitumika. Anaongeza, "Hata mamake alikubali, nikamtumia elfu tatu." Kumbe kumlipa mwenye mamlaka juu ya mtu ili akubali ni mojawapo ya njia zilizotajwa. Mshtakiwa anadhani anajitetea, naye anaandikisha ushahidi dhidi yake. Na yale maneno ya "asiwe mjuaji wa mji", yakisomwa mahakamani kutoka kwenye simu, yanaweza kusikika kama kutafuta mtu dhaifu kwa makusudi.

Umri nao hugeuza kesi nzima. Akiwa chini ya miaka 18, upande wa mashtaka hauhitaji kuthibitisha udanganyifu wala vitisho. Kumsajili na kumsafirisha kwa ajili ya unyonyaji kunatosha. Utetezi unabakiwa na swali moja zito: kazi ile ilikuwa unyonyaji au la? Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13. Wa kati ya 13 na 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia masomo. Binti wa miaka 14 anayeamka alfajiri, akafua, akapika na kulea mtoto hadi usiku, wakili gani atasimama aseme hiyo ni kazi nyepesi?

Tazama jinsi utetezi unavyofanya kazi pale pesa zipo. Julai 2013, huko California, binti wa kifalme wa Saudia, Meshael Alayban, alishtakiwa kwa ulanguzi wa binadamu. Mlalamishi alikuwa mwanamke Mkenya aliyesema alinyang'anywa pasipoti na kulipwa kiasi kidogo kuliko alichoahidiwa. Dhamana iliwekwa dola milioni 5, ikalipwa. Mawakili wakajenga picha ya wafanyakazi waliokuwa na simu na intaneti. Septemba mwaka huo huo waendesha mashtaka wenyewe wakaomba kesi ifutwe kwa kuwa ushahidi haukutosha. Kesi ile ilikuwa chini ya sheria ya jimbo. Sheria ya serikali kuu ya shirikisho ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 2000, inaadhibu kazi ya kulazimishwa kwa kifungo cha hadi miaka 20, na kushikilia pasipoti ya mfanyakazi kwa nia hiyo ni kosa la peke yake.

Sisemi kwamba Alayban alikuwa na hatia. Mahakama haikumtia hatiani na neno limeishia hapo. Ninachosema ni kwamba ushahidi wa upande wa mashtaka ulipimwa kweli, kwa sababu kulikuwa na watu wa kuupima. Sasa mchukulie dalali wa Naitiri aliyepata elfu moja ya kumtafutia mtu msichana, au mama wa Kisauni aliyemleta mpwa wa rafiki yake. Hana dola milioni 5. Mara nyingi hana hata wakili.

Katiba haikumsahau. Ibara ya 49 inampa haki ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Ibara ya 50 inasema apewe wakili na serikali ikiwa bila hivyo dhuluma kubwa itatokea, na aoneshwe mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda hata taasisi ya kitaifa ya kazi hiyo. Ikiwa kosa lenye kifungo cha chini cha miaka 30 halihesabiki kuwa mahali pa dhuluma kubwa, sijui ni lipi. Tena tukumbuke kwamba Julai 2024 Mahakama ya Juu, katika kesi ya makosa ya kingono, ilisisitiza kwamba viwango vya chini vya adhabu vilivyowekwa na Bunge vinabaki kuwa sheria. Asitegemee mtu huruma ya hakimu mwisho wa kesi.

Najua wapo watakaoniuliza: mbona unawatetea walanguzi? Jibu langu ni kwamba utetezi dhaifu ndio unaomfaa mlanguzi mkubwa. Dalali asiye na wakili hufungwa peke yake, na kesi ikafungwa naye. Wakili anayejua kazi atauliza: nani alituma pesa? Nani alipiga simu? Wasichana wengine walipelekwa wapi, na leseni ya wakala ni ya nani? Kwa maswali hayo mnyororo unafuatwa hadi juu. Msichana naye anahitaji kesi iliyosimama imara, isiyobomoka kwenye rufaa. Sheria hiyo hiyo inamkinga asishtakiwe kwa makosa aliyosukumwa kuyatenda kwa sababu ya kulanguliwa.

Linaloua haki hapa kwetu ni lile la kumalizana nyumbani. Wazee wanakaa, pesa kidogo zinatolewa, msichana anarudishwa Bungoma na shahidi hapatikani tena. Mwenye hatia anaponea, na asiye na hatia anabaki na doa ambalo hakuna korti iliyomsafisha.

Basi kabla ya kutuma nauli, itisha kitambulisho. Akiwa hana kwa sababu ni mdogo, mwache asome. Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa mkataba wa maandishi. Andikeni, hata kwa Kiswahili chepesi, mshahara ni kiasi gani na mapumziko ni lini. Kitambulisho chake na simu yake akae navyo mwenyewe. Mlipe kwa njia inayoacha kumbukumbu. Na ukishakamatwa, usifute ujumbe hata mmoja kwenye simu, na usiandikishe taarifa kabla hujazungumza na wakili.

Yote haya ni kinga kwa mwajiri. Lakini yasome tena uone: kila moja ni kinga kwa yule msichana vilevile.