Safari ya Mlimani si ya Akina Baba Peke Yao

 

Wapo akina baba katika mitaa ya Eastlands, tangu Pumwani na Eastleigh hadi Buruburu na Umoja, ambao wakipata gari imara hukusanyana na wenzao mwisho wa wiki wakaenda kupanda milima kwa njia za udongo na mawe. Mke huamka usiku kukaanga sambusa na kujaza chupa za chai, kisha hubaki mlangoni na watoto. Hatuikatazi safari hiyo, kwani burudani ya halali ni katika neema za Mwenyezi Mungu. Tunauliza tu: je, neema hiyo ni ya mume peke yake? Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake, na aliyeangukiwa na kura ndiye aliyefuatana naye. Safari zile zilikuwa za jangwa na taabu, na bado wake zake walikuwamo.

Basi twapendekeza safari moja ambayo mama na watoto watafaidika nayo zaidi hata ya dereva: ukingo wa Elgeyo na Bonde la Kerio. Kutoka Nairobi hadi Iten, kupitia Nakuru, ni zaidi ya kilomita 300; kwa hiyo yafaa kulala huko usiku mmoja. Iten uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,400. Hewa yake ni nyepesi, na kwa sababu hiyo wakimbiaji wa mbio ndefu kutoka pande nyingi za dunia huenda kufanya mazoezi hapo. Ukisimama ukingoni waliona bonde zaidi ya mita 1,000 chini yako, na ng'ambo yake vilima vya Tugen. Barabara ya lami huteremka kupitia Tambach hadi mto Kerio, kisha hupanda tena hadi Kabarnet. Njia za udongo zinazochepuka kando yake ndizo zinazohitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Kusini mwa bonde hilo, chini ya ukingo, uko Kimwarer. Hapo ndipo yalipochimbwa, kuanzia miaka ya 1970, mawe ya floraspa, yaani mawe yenye floraidi, yatumikayo katika uyeyushaji wa chuma na utengenezaji wa aluminiamu. Shehena zake zilipelekwa hadi bandari yetu ya Mombasa, zikapakiwa melini kwenda ng'ambo. Mwaka 2016 bei ya dunia iliposhuka, uchimbaji ulisimama. Miaka miwili baadaye muda wa kampuni wa kukodi eneo hilo ukamalizika. Ajira zikatoweka na biashara ndogondogo zikadhoofika. Wenyeji walioondolewa katika ardhi yao ili mgodi upate nafasi wamedai fidia ya haki kwa miongo kadhaa.

Watoto wa Eastlands wana sababu ya kulielewa jambo hili kuliko wengine. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mji. Mahali palipotegemea kazi ya aina moja huyumba kazi hiyo ikiondoka. Mwambie mwanao alinganishe: juu ya ukingo ni Iten, mji uliopata jina kwa juhudi na nidhamu ya watu, chini yake ni mgodi, uliopata jina kwa kilichofukuliwa. Kilichofukuliwa kimekwenda zake. Elimu na tabia njema haziishi kwa kutumiwa.

Lipo na somo la jikoni. Floraidi iliyomo katika mawe ya Bonde la Ufa huyeyuka pia katika maji ya chini ya ardhi, na visima virefu vya sehemu nyingi za bonde hilo, hata baadhi ya visima vya Nairobi, vina kiasi kikubwa mno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi kiasi hicho kwa miaka mingi kabla ya kutimiza miaka minane, meno yake ya utu uzima huota na madoa ya kahawia yasiyosugulika. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Mama anayenunua maji ya mkokoteni na amwulize muuzaji yametoka wapi, na mvua ikinyesha akinge ya kunywa kwa chombo safi, kwani maji ya mvua hayana floraidi ya kudhuru.

Mkikata shauri kwenda, zingatieni haya. Msiende wakati wa masika; mnamo Aprili 2020 maporomoko ya udongo huko Chesegon, kaskazini mwa bonde, yaliua watu. Upande huo wa kaskazini umekumbwa pia na wizi wa mifugo wa kutumia silaha, basi ulizeni wenyeji na polisi kabla ya kupita. Teremkeni kwa gia nzito, msitegemee breki pekee. Msiingie eneo la mgodi bila ruhusa, wala watoto wasikaribie mashimo, hasa yaliyojaa maji.

Kuhusu ibada, umbali huo waruhusu kupunguza swala. Mkishatoka nje ya mji, Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili mbili. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Mwaweza pia kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Huko kibla ni kaskazini, kikielekea mashariki kidogo. Baba na aulize mapema ni msikiti upi njiani wenye sehemu ya wanawake, wala asingoje mpaka wakati wa swala uingie.

Mwenyezi Mungu azijaalie safari zetu ziwe za heri na zenye mazingatio, na aturejeshe majumbani salama. Amin.